Ile Mashini Imeamka?

17 Machi

Wapiganaji wenzangu, wana wa Baraka na Fizi mliokataa kuinamisha shingo, nawaamkia kwa kalamu. Tuliafikiana kwamba kila mmoja wa kamati yetu ya vijana auandike msimu huu wa mvua jinsi anavyouishi, kisha tusomeane mbele ya wote, ili asije mtu kesho akatusimulia maisha yetu kwa mdomo wake. Chuo kimefungwa kwa sababu ya vita. Basi huu ndio mtihani wangu, na nyinyi ndio mtakaousahihisha.

Jambo lenyewe ni hili: jana walimkamata Bukuru. Mnamjua. Ni mkimbizi wa Burundi anayelima muhogo kwenye njia ya Lubondja, mume wa Mama Nimbona, mtu ambaye ukimsalimu huvua kofia kwanza ndipo aitikie. Wanadai kwamba tarehe nane ya mwezi huu aliwaongoza wenye silaha waliowaua wafanyabiashara wawili na kuchoma pikipiki zao katika barabara ya Misisi.

Tarehe nane! Siku ya wanawake! Siku hiyo Bukuru alikuwa hapa Baraka tangu asubuhi hadi jua kuzama, amebeba spika ya kamati yetu kichwani, akitembea mbele ya akina mama waliovaa kikwembe, kitenge kipya cha mwaka huu, na mimi nikimtania kwamba spika imempata mtu wa kuitembeza. Niliipiga filamu defile nzima, maandamano yote ya akina mama. Simu ilipojaa, niliihamishia filamu kwenye kompyuta ya zamani ya Baba, ile iliyo sebuleni chini ya kitambaa cha kufumwa, nikaifuta simuni. Na simu yenyewe iliniponyoka juma lililopita nikishuka botini, ziwa likaimeza.

Ndiyo maana jana jioni nilipanda sokoni juu ya meza ya muuza ndagala, katikati ya visamaki vyake, nikashika megafoni, nikanguruma: "Tuna filamu! Imo katika mashini ya Baba yangu! Ukweli hauombi ukimbizi, ukweli ni raia wa kila nchi!" Mlipiga makofi, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama wakili aliyeshinda kesi.

Leo asubuhi nimebonyeza kitufe. Taa ya kijani imewaka, feni imezunguka, kioo kimebaki cheusi. Kisha ndani ukatoka mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama mtu anayeita jina ambalo hana hakika nalo. Nimezima, nimewasha. Mlio mrefu, kimya.

Baba alikuwa mlangoni akivaa viatu vya kwenda ziwani.

"Ile mashini ni ya zamani, Nuru," alisema bila kuinua uso. "Kitu ya zamani unaiachaka ipumzike."

18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mto umepanda juu ya barabara. Hakuna gari linaloingia Baraka wala linalotoka.

21 Machi

Nimekwenda kwenye kasho alimofungiwa Bukuru, pamoja na Mama Nimbona, yeye na bugali na ndagala katika kikapu, mimi na vifungu vya sheria kichwani. Komanda, mkuu wa mahabusu, alikuwa ameketi nje, mguu mmoja umevuliwa kiatu, akikausha soksi kwenye jiko la makaa.

"Komanda, Bukuru atahukumiwa hapa?"

"Hapana, mwanafunzi. Ataenda mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele."

"Lini?"

"Barabara ikikauka, gari itakuja kumubeba."

Neno hilo "mbele" tumelisikia mara ngapi? Mwaka jana kijana wa Nundu alipelekwa mbele. Mama yake bado anampikia kila Jumapili.

Nikasema wanawake wote wa Baraka walimwona tarehe nane. Komanda akageuza soksi yake upande wa pili.

"Bamama banaona mengi. Hata mi bananionaka niko mutu muzuri."

Mlinzi akacheka. Mama Nimbona hakucheka.

"Na nikileta filamu?"

"Mu telefone? Hapana! Siku hizi kijana yeyote anaweka sura ya muntu mu telefone, anaimbisha hata benye kufa. We si ulitangazaka ku soko kama iko mu mashini ya baba yako? Leta mashini yenyewe. Iwake mbele yangu, nione na macho yangu. Hapo tutasema."

Nilimshika kwa neno lake palepale, mlinzi na Mama Nimbona wakiwa mashahidi. Kisha tukaruhusiwa kusogea dirishani. Uso wa Bukuru ulikuwa kivuli tu nyuma ya vyuma.

"Dada Nuru," alisema, "mvua iko inanyesha?"

"Inanyesha."

"Basi niko."

Nimeyabeba maneno hayo njia nzima. Wenzangu, tafakarini mtego tuliomo. Mvua ikinyesha, barabara inakatika, Bukuru anabaki. Lakini mvua ikinyesha, plake ya jua iliyo juu ya paa letu haitoi umeme, na mashini haina nguvu hata ya kulia. Jua likitoka tunapata umeme, na jua hilohilo linakausha barabara. Tunaomba nini basi, tukiinua mikono?

23 Machi

Mama mdogo Latifa, mke wa pili wa Baba, ambaye husuka nywele za nusu ya mtaa katika baraza yetu, amemwekea Baba bugali bila mboga. Baba amekula hivyohivyo.

26 Machi

Jua la muda mfupi. Iddy, mwenyekiti wetu, amekwama Nundu kwa sababu ya mto, lakini alisoma kompyuta chuoni, na simu yake imenifikia kwenye kitochi cha Latifa. Siku zote nimemhesabu Iddy kuwa upanga wa kamati hii: hasemi sana, lakini akisema hukata.

"Kamarade, kwanza usiipige makofi ile mashini. Mi nakujua. Angalia bikamba."

Nimeng'oa nyaya zote, nimezipuliza, nimezirudisha. Mlio mrefu, kimya. Nimekibeba kioo kichwani hadi duka la kuchapisha: kule kinawaka kama mbalamwezi. Nimeondoa kibodi, nimeondoa kipanya, nimewasha mashini ikiwa uchi. Mlio mrefu, kimya.

"Basi ugonjwa iko ndani," alisema Iddy. "Na ndani ilikuwa nzima. Mwezi wa pili mi mwenyewe niliifungulaka, nikaipangusa, ukaniletea chai yenye chumvi."

"Ilikuwa sukari."

"Chumvi, kamarade. Nilinyamaza juu ya umoja wa kamati."

Nikamwuliza kama tunaweza kuing'oa diski, tuitie katika kompyuta nyingine. Alisema meno ya diski hii ni ya zamani, hakuna mdomo wa kisasa unaoyapokea. Akaanza kusema jambo jingine. Mtandao ukakatika.

28 Machi

Pikipiki isiyo na namba imesimama mbele ya nyumba. Mwanamume mwenye koti la mvua la manjano, kofia ya chuma kichwani. Amemsalimu Latifa, amewasalimu wanawake waliokuwa wakisukwa, mmoja mmoja, kwa adabu ya msikitini. Kisha akanigeukia.

"Ile mashini imeamka?"

"Itaamka," nikamjibu.

"Mungu aisaidie."

Akaondoka. Nilipomsimulia Baba, alinawa mikono ili ale, halafu akaifuta bila kula.

2 Aprili

Mvua, na jua la saa moja. Mlio mrefu, kimya.

5 Aprili

Leo nimeifungua. Mimi, niliyesomea sheria, nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati na bisibisi ya boti ya Baba. Ndani nimekuta taifa zima: vumbi la tangu mwezi wa pili, nywele za wateja wa Latifa zilizonyonywa na feni, na mchwa weupe wakihamisha mayai yao juu ya nyaya kama wakimbizi. Nimewatoa kwa brashi ya nywele. Nimeona kibetri cha mviringo kilichoota kutu ya kijani. Nimeona mifereji miwili mirefu, mitupu, imelala sambamba. Nimedhani ndivyo ilivyotengenezwa. Kila kitu kilichokaa legelege nimekikaza.

Latifa alisimama juu yangu, kitana kinywani.

"Maître," alisema, maana ndivyo anitaniavyo, kana kwamba nimeshakuwa wakili, "we unatafuta nini mule? Uko naongea nayo Kifaransa ama Kiswahili?"

"Naiuliza kwa nini hainyanyuki."

"Muulize baba yako. Yeye njo anajua kuficha."

Nimelichukua kuwa neno la wivu wa nyumbani, nikarudi kwa mchwa wangu. Mashini ilipokusanywa upya niliwasha. Mlio mrefu, kimya.

9 Aprili

Ziwa limeingia jikoni hadi vifundo vya miguu. Tumeipandisha mashini juu ya kreti za soda.

11 Aprili

Koti la manjano limerudi. Safari hii hakuzima injini.

"Nuru wa Saleh, ile mashini imeamka?"

"Kwa nini unaulizia mashini ya watu?"

"Ni kuulizia mugonjwa tu." Alitazama upande wa ziwa, ambako boti ya Baba ilikuwa imefungwa. "Baba yako iko na boti muzuri. Mbao ya vile, jua ikiitwanga siku mbili tatu, inashika moto mbio."

Amekwenda. Wanawake waliokuwa barazani wamekusanya vitana vyao, wakaondoka na vichwa vilivyosukwa nusu. Mmoja amemwambia Latifa kwamba atamalizia kwingine. Mlango wa jirani, ambao haufungwi hata usiku wa tufani, umefungwa mchana.

Na Baba? Baba amesema, "Nuru, mwambie Komanda mashini ilikufa. Waache." Nimemjibu kwa hotuba. Nimesema kuna wazee wa aina mbili, wanaojenga daraja na wanaouza mbao za daraja. Alikaa akipapasa mfuko wa shati lake, pale anapoweka kitambaa chake, kana kwamba moyo unamuuma.

15 Aprili

Simu ya Iddy imepita, ikisikika kama mtu aliye chini ya maji.

"Kamarade, ule mulio njo unaniambia kitu. Ni ya memoire. Kumbukumbu. Toa bareti, uipanguse na gome ya kufutia, urudishe."

"Bareti gani?"

"Bareti ya memoire. Kibao murefu, kijani, iko na meno ya dhahabu. Inasimama mu mufereji."

"Mifereji nimeiona. Miwili. Yote mitupu."

Alinifanya nirudie mara mbili. Nikadhani mtandao.

"Haiwezekani," alisema hatimaye. "Mwezi wa pili niliiachaka mule. Kamarade, kuna muntu aliitoa."

Hapo, wenzangu, sheria yote niliyosoma ilinisimama kichwani. Nani anajua bareti ni nini? Iddy. Nani alikuwa wa mwisho kuifungua mashini? Iddy, kwa kinywa chake. Nani amekaa Nundu mwezi mzima akisingizia mto, ilhali wauza muhogo wanavuka kwa mtumbwi kila siku ya soko? Jioni mlinisikia. Nilisimama mkutanini nikasema kuna mwizi wa kumbukumbu kati yetu, aliyetunyang'anya siku ya nane ya Machi na kuiuza. Nilisema tusingoje ushahidi, kwa kuwa msaliti ndiye hufaidi kungoja. Mlipiga kelele. Mkamwondoa kwenye kiti kwa kuinua mikono, na mikono ilikuwa mingi, na wa kwanza ulikuwa wangu.

Nimetafuta bareti ya aina ile katika maduka yote. Mashini hizo zimekwisha duniani, wananiambia. Labda Bukavu, na Bukavu haifikiki.

16 Aprili

Iddy ametuma ujumbe mmoja: "Ile chai ilikuwa chumvi." Nimeufuta.

20 Aprili

Jua.

21 Aprili

Jua. Umeme upo, na hauna cha kuamsha.

22 Aprili

Jua. Nimepita kasho. Bukuru hakuniuliza habari ya mvua. Alinyoosha mkono nje ya vyuma, kiganja juu, akautazama, akaurudisha ukiwa mkavu. Barabarani pikipiki ya kwanza imepita ikitimua vumbi. Vumbi! Watoto waliikimbilia wakishangilia. Mimi nilisimama kama mtu aliyeona maziko yakija.

24 Aprili

Niandike polepole, nisiruke neno.

Asubuhi Mama Nimbona alikuja barazani. Alikuwa amesikia kwamba gari limeshaondoka kuja kumchukua mume wake. Hakulia. Aliuliza tu, "Dada, mashini iko namna gani?" Nami nikamwambia ukweli: "Mama Nimbona, bila ile bareti ya kijani hatuwezi kitu. Mwenye kuiba bareti amemwiba Bukuru."

Nyuma yangu kitana kikaanguka. Latifa alikuwa ameshika msuko mmoja wa mteja wake, naye akausahau mkononi, mteja akiwa ameinamia upande kama mbuzi aliyefungwa.

"Umesema bareti? Ya kijani?"

"Ndiyo, mama mdogo. Kijani, yenye meno ya dhahabu."

"Meno ya zahabu!" Alipiga mapaja. "Munasikia, bamama? Hata mutoto wa nyumba anaijua! Nuru, ni nani ule mwanamuke?"

"Mwanamke gani?"

"Ule baba yako alimununuliaka bareti ya kubana nywele! Siku walifunga Bukuru, nilimukuta mu chumba iko naifunga mu kitambaa yake. Namuuliza: Baba Nuru, ni nini hiyo? Ananitazama mu macho, bila haya: 'Bareti.' Bareti! Miye nasuka vichwa vya Baraka yote, na hata siku moja hajaniletea bareti, hata ya plastiki!"

"Niachie nywele kwanza, ndiyo uachwe na bwana," alilia mteja.

Walicheka. Mimi sikuweza. Bugali bila mboga. "Yeye njo anajua kuficha". Mkono wa Baba juu ya mfuko wa shati. Juma baada ya juma nilikuwa nimeketi sebuleni na mwizi, nikimhutubia.

Baba alirudi kutoka ziwani adhuhuri, akatukuta watatu tumesimama: mke wake, binti yake, na mke wa Bukuru. Hakuna aliyemsalimu. Latifa alinyoosha mkono.

"Toa bareti."

Akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Nimbona macho yakashuka. Akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa kibao chembamba, kirefu kupita kidole cha shahada, kijani, meno yake yaking'aa.

"Sikukudanganya," alimwambia Latifa. "Ni bareti. Mwenye kuniuzia mashini kule Kigoma aliiita vile: 'Mzee, ikikataa kuwaka, toa hii bareti, ipanguse, rudisha.' Ni kitu moja tu najuaka ya ile mashini."

"Baba," nikasema, "kwa nini?"

Alikaa chini.

"Ile siku ulikuwa ungali juu ya meza ya ndagala. Ule wa koti ya manjano alinikuta ku ziwa. Akasema: mashini ya mutoto wako ikiamka, wewe hautalala tena. Nuru, mama yako alikuwa na mudomo kama yako. Wakati wa vita alitaja jina ya muntu mbele ya basoda na bunduki yao. Tukakimbia na boti, na alishuka ng'ambo akiwa amebebwa, roho imetoka. Nikasema mu moyo: heri mashini isahau, mutoto abaki."

Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa tayari, na ilikuwa na meno. Lakini aliyesema hakuwa mimi.

"Na yangu?" aliuliza Mama Nimbona kwa sauti ndogo. "Baba Nuru, na mutoto wangu abaki na nani?"

Nzi walizunguka kitambaa. Baba aliwafukuza kwa mkono, wakarudi.

"Kwa hiyo," alisema Latifa taratibu, "hakuna mwanamuke?"

"Hakuna, Latifa. Na boti ya kutengeneza, na nyumba ya kulipia sabuni, ningemupata wapi?"

"Basi, Baba Nuru, rudisha kitu ya watu."

Ni Baba mwenyewe aliyeipachika. Mimi nilishika taa. Alipangusa yale meno kwa ncha ya kikwembe cha Latifa, akakisimamisha kibao katika mfereji, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia: tak.

Nikabonyeza. Mlio mmoja, mfupi.

Kioo kikapata rangi ya kijivu, kisha maandishi meupe. Mashini ilisema betri ya saa yake imekufa, na kwamba leo ni tarehe mosi Januari 2002. Baba alirudi nyuma hatua moja. Huo ndio mwaka ule, mwaka wa boti. Nimekwisha kuelewa: kila ikizimwa, mashini hii hurudi vitani, na kila ikiwashwa lazima mtu aikumbushe kwamba tulitoka.

Kisha filamu. Spika kubwa, na chini yake miguu ya Bukuru. Akina mama wakiimba. Latifa akicheza, kikwembe chake kikionyesha mwaka huu kwa tarakimu kubwa mgongoni. Sauti yangu ikicheka nyuma ya simu. Na kando ya barabara, mbele ya duka la soda, mtu mrefu mwenye kofia ya sala anamsimamisha Bukuru, anamtilia chupa ya fanta mdomoni kwa sababu mikono yake imeshika spika, anampangusa shavu kwa kitambaa.

Kitambaa kilekile.

Baba alijitazama mpaka filamu ikaisha. Mama Nimbona aliomba tuirudie pale Bukuru anapokunywa. Tuliirudia.

25 Aprili

Jua. Iddy amevuka kwa mtumbwi, suruali imelowa hadi kiunoni. Amesimama mlangoni, akanyoosha mikono ya kufungwa pingu.

"Kamarade, mwizi wa kumbukumbu amefika."

Wenzangu, nilisimama juu ya benchi kumhukumu. Nimeketi chini ya benchi hilo kumwomba msamaha, na ninataka mlisikie hili kama mlivyosikia lile. Amenisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema, "lakini chai ya leo atapika Mama Latifa." Kisha akaketi na kazi. Filamu sasa imo katika flashi na katika simu za wanakamati, ili isife mara mbili. Lakini Komanda alitaka mashini yenyewe, na neno lake tutalileta mbele yake likiwa limebebwa.

Iddy ametabiri atakachosema: "Filamu hii inaonyesha 2002." Na ajibiwe hivi: mwaka 2002 Bukuru alikuwa mgongoni kwa mama yake, na kikwembe kilichoandikwa mwaka huu hakikuwa hata pamba.

26 Aprili

Gari limefika saa tisa alasiri. La kijivu, madirisha meusi, vumbi hadi paani. Limeegeshwa mbele ya kasho, pua ikiangalia lilikotoka. Dereva amemwambia muuza mkate kwamba wanaondoka kesho, jua likichomoza.

Koti la manjano limepita mbele ya nyumba. Leo hakuuliza kitu. Amepunguza mwendo, ametazama dirisha letu, ambamo kioo kilikuwa kikiwaka, akaongeza mwendo. Muda si mrefu tumesikia mbwa wa ufukweni wakibweka, na Baba ametoka mbio. Boti bado ipo. Inanuka petroli tangu mbele hadi nyuma.

Baba alisimama ndani ya maji, mikono kiunoni. Nikamwambia, "Baba, ukitaka tuache, sema." Mimi, wenzangu, nilimwambia hivyo, na nilikuwa nataka jibu.

Alipanda botini, akafungua boliti mbili, akaing'oa betri ya injini, akaibeba begani kama mtoto aliyelala. "Asubuhi ile, plake yako haitakuwa na jua," alisema. "Hii haiombi jua." Ameiweka karibu na mlango. Latifa ametoa kikwembe chake cha tarehe nane sandukuni, amekipiga pasi ya makaa, na sasa anazunguka nyumba kwa nyumba. Mlango wa jirani, ule uliofungwa, umefunguliwa kiasi cha kupitisha kichwa.

Sijui tutakuwa wangapi. Sijui Komanda atalikumbuka neno lake, wala kama wenye gari wanamsikiliza Komanda. Najua tu kwamba likiondoka, Bukuru amekwenda mbele.

Kwa hiyo ukurasa huu haungoji siku ya kusomeana. Iddy anaondoka nao sasa hivi, ausome mlango kwa mlango: Tunakutana kesho, saa kumi na moja na nusu, mara baada ya sala ya alfajiri, mbele ya kasho, kati ya gari na barabara. Wanaume, njooni mshike meza, maana mashini ni nzito. Akina mama, vaeni kikwembe cha tarehe nane, kila mmoja asimame karibu na yule aliyekuwa naye siku ile, ili Komanda akiinua macho kutoka kwenye kioo awaone walewale. Baba ataunganisha betri. Mimi nitabonyeza kitufe. Atakayeulizwa njiani kama ile mashini imeamka, na ajibu kwamba imeamka.

Saa kumi na moja na nusu. Jua lisitutangulie.